Shaba, Umeme na Tope: Mazingira katika Daftari la Uchumi wa Kolwezi

Utangulizi

Wataalamu wengi wa uchumi wanakubaliana kwamba uvumbuzi unaopunguza madhara kwa mazingira unaweza kuufanya ukuaji wa uchumi uwe wa kudumu. Hata hivyo, ni wachache wanaouliza uvumbuzi huo huzaliwa katika hali gani, na huwa na hatima gani hali hiyo inapobadilika. Historia ya Kolwezi na ukanda wa shaba wa Lualaba, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inatoa jibu lenye mafunzo. Makala haya yanadai kwamba katika ukanda huo mazingira yalitunzwa pale tu yalipoingia katika hesabu, ama kama gharama ya kuepukwa, ama kama mali ya kuvunwa. Yaliyobaki nje ya hesabu, yaani mito, vumbi na afya ya wakazi, hayakutunzwa wakati wa neema wala wakati wa dhiki.

Uchimbaji kabla ya ukoloni

Shaba ya Katanga ilichimbwa karne nyingi kabla ya kuja kwa Wabelgiji. Wahunzi waliojulikana kama walaji wa shaba walifanya kazi hiyo wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha. Waliyeyusha mawe ya malakiti kwa makaa ya miti ya miombo, na misalaba ya shaba waliyoitengeneza ilitumika kama fedha katika biashara ya masafa marefu. Mvua ziliporejea, watu walirudi mashambani. Haifai kudai kwamba jamii hizo zilikuwa na sera ya mazingira, kwani miti ilikatwa na mashimo yaliachwa wazi. Jambo la msingi ni kwamba majira ya kilimo yaliuwekea uchimbaji mpaka. Hata katika utawala wa Msiri, aliyeuawa Bunkeya mwezi Desemba 1891, shaba ilikuwa bidhaa moja tu kati ya nyingi, pamoja na pembe za ndovu na watumwa.

Kutoka koki hadi umeme wa maji

Mpaka huo uliondolewa na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906. Tanuri lake la Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, lilianza kutoa shaba mwaka 1911 kwa kutegemea makaa ya koki yaliyoletwa kwa reli kutoka Wankie, Rhodesia ya Kusini. Nishati hiyo ilitoka mbali na ilikuwa ya gharama kubwa. Aidha, moshi wa tanuri uliiangamiza miombo upande ule ulikopeperushwa na upepo. Pamoja na hayo, kilichoisukuma kampuni kutafuta njia nyingine hakikuwa moshi, bali gharama ya koki na haja ya kutumia mawe yenye shaba kidogo.

Njia iliyopatikana ilikuwa kuliyeyusha jiwe lililosagwa katika tindikali, kisha kuitenga shaba kwa nguvu za umeme. Kiwanda cha aina hiyo kilifunguliwa Jadotville, sasa Likasi, mwaka 1929, na bwawa la Mwadingusha katika mto Lufira likaanza kutoa umeme mwaka 1930. Kolwezi ilijengwa mwaka 1937 ili iwe makao ya machimbo ya magharibi. Katika mto Lualaba, karibu na mji huo, vilifuata vituo vya umeme vya Nzilo mwaka 1952 na Nseke mwaka 1956, halafu kiwanda cha Luilu mwaka 1960. Kwa kipimo cha leo, huo ulikuwa uvumbuzi mkubwa wa kimazingira, kwa kuwa nguvu ya mto ilichukua sehemu kubwa ya kazi ya makaa ya mawe. Lakini usagaji wa mawe na tindikali vilizaa tope jingi. Tope hilo lilirundikwa Kingamyambo na katika bonde la mto Musonoi, kwa sababu kulitupa huko hakukuwa na gharama yoyote katika vitabu vya kampuni.

Dhiki haikuyapumzisha mazingira

Serikali iliitaifisha kampuni mwaka 1967, na shirika lililoirithi likaja kujulikana kama Gécamines. Bei ya shaba iliporomoka kuanzia mwaka 1974. Mwaka uliofuata vita vya Angola vilifunga reli ya kwenda bandari ya Lobito. Hata hivyo, katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa bado ikizalisha zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mapato yalichukuliwa na dola, na matengenezo yakaahirishwa. Mwezi Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto iliporomoka, na kufikia mwaka 1994 uzalishaji wa shirika ulikuwa chini ya tani 50,000.

Huenda ikadhaniwa kuwa uzalishaji unaposhuka, uchafuzi nao hupungua. Historia ya Kolwezi inapinga dhana hiyo. Tope lililokwisha kutupwa lilibaki pale pale, wakati fedha za kutunza pampu, mabwawa na mitambo ya umeme zilikuwa zimekwisha. Kati ya mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Waliokosa ajira waliongeza safu za wachimbaji wa mikono, wanaoitwa huko kwa Kifaransa creuseurs. Uchumi ulipoanguka, uchimbaji ulihama kutoka mashimo ya kampuni na kuingia katika makazi ya watu.

Tope lageuka mali

Sheria ya Madini ya mwaka 2002 ilifungua mlango kwa mitaji ya kigeni. Wakati huo teknolojia mpya ya kuchuja madini, pamoja na mahitaji ya kobalti, viliyapa thamani mabaki ya Kingamyambo na Musonoi, ambayo ni zaidi ya tani milioni 100. Kilichokuwa takataka kikagombewa. Serikali ilifuta mkataba wa kampuni ya First Quantum mwaka 2009, na shauri hilo lilimalizwa mwaka 2012 kwa malipo ya dola bilioni 1.25 kutoka kwa kampuni ya ENRC. Mwishoni mwa mwaka 2018 mradi wa Metalkol ulianza kulichimba tope hilo upya. Baada ya miongo kadhaa mto huo ulikuwa umeingia katika hesabu, kwa kuwa tope lake lilikuwa na bei.

Vumbi la Kasulo halikuwa na bei. Katika mtaa huo wa Kolwezi kobalti iligunduliwa chini ya nyumba mwaka 2014, na wakazi wakachimba uani mwao. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na kile cha Leuven, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba wakazi wa hapo walikuwa na kobalti nyingi zaidi katika mkojo na damu kuliko watu wa eneo la jirani, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Kobalti hiyo ndiyo inayotumika katika betri za magari ya umeme, ambayo yanasifiwa katika miji ya mbali kwa kusafisha hewa.

Hitimisho

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la Kolwezi liliandikwa kwa uangalifu mkubwa, ila halikuwa na safu ya mto wala ya mtoto wa Kasulo. Sheria ya Madini ilivyorekebishwa mwaka 2018 imeanza kuirekebisha kasoro hiyo, kwa kuzitaka kampuni zitoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii. Lakini mchango unaofungamanishwa na mauzo hupungua bei inapopungua. Mgodi wa Mutanda ulisimamishwa mwishoni mwa mwaka 2019 baada ya bei ya kobalti kushuka, na mwezi Februari 2025 serikali yenyewe ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ili kuinusuru bei. Katika nyakati kama hizo ndipo utunzaji unapohitajika zaidi. Hivyo basi, akiba ya mazingira na afya haina budi kutengwa wakati wa neema na kuwekwa mahali ambapo mporomoko wa bei hauwezi kuifikia. Bila akiba hiyo, uvumbuzi utaendelea kufuata bei, na wakazi wa Kolwezi wataendelea kulipa deni ambalo halikuandikwa popote.