Upinde Kwanza, Sumu Baadaye

Marekani, mzazi anayetaka kumfundisha mwanawe kuwinda paa huanzia kwa duka la bunduki. Kitako kisizidi urefu wa mkono wa mtoto. Bunduki ikilia, isimpige bega hadi aogope kuishika tena. Wengi huishia kwa .243 Winchester, kwa sababu teke lake ni dogo na bado inaangusha paa. Ukiwasikiliza unagundua wana hofu mbili: mtoto aogope silaha sana, ama asiiogope kabisa.

Ushago kwetu ni Kambu, kale kamji ka Mombasa Road kati ya Kibwezi na Mtito Andei ambako wengi wenu mmepita mkiwa mmelala kwa basi. Vilima vya Chyulu viko upande mmoja, na ukishuka na barabara kidogo tu uko Tsavo. Hofu hizo mbili zilijulikana huku kabla bunduki haijafika, na dawa iliyopatikana naiona ina akili kuliko ya duka lolote.

Mvulana wa Kikamba alipata uta, yaani upinde, mapema, akiwa bado wa kuchunga mbuzi. (Wasichana hawakupewa. Hiyo ni hadithi nyingine, na si ya kujivunia.) Ulikuwa upinde wa saizi yake, fimbo nyembamba ambayo mkono wake ungeweza kuvuta, na mishale ya mti mtupu bila chuma. Aliuzoea kwa mijusi na panya, halafu ndege waliokula mtama shambani. Baadaye kwale, kanga, sungura. Mkono ukikomaa, anapata upinde mgumu zaidi. Fimbo ikivunjika, basi, nyika imejaa fimbo.

Upinde mdogo haufiki mbali, na hapo ndipo mafunzo yalipo. Ukitaka digidigi lazima umkaribie, na ukitaka kumkaribia lazima ujue upepo unatoka wapi, anakula nini saa hii, atakimbilia wapi akishtuka. Mtoto wa bunduki yenye darubini anaweza kuruka masomo hayo yote na bado arudi na nyama.

Lakini kitu kilichoua mnyama mkubwa hakikuwa upinde. Kilikuwa sumu. Mti wenyewe Waswahili wanauita msunguti, Wakamba kivai, na wanasayansi Acokanthera. Vipande vyake vilichemshwa masaa mengi hadi kubaki uji mweusi mzito kama lami, ukapakwa nyuma ya ncha ya mshale na kufungwa kwa kipande chembamba cha ngozi. Ngozi hiyo ilizuia sumu isikaushwe na jua, na isimkwaruze mwenye mshale. Ikiingia kwa damu, sumu inasimamisha moyo. Tumboni haifyonzwi kwa urahisi, ndiyo maana nyama ililiwa, ukishakata na kutupa sehemu ya jeraha. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa, Arnaud, alitoa kemikali hiyo kwenye mti wa jamii hiyohiyo na kuiita uabaini, jina lenye asili ya Kisomali, na madaktari wa Ulaya wakaja kuitumia kutibu wagonjwa wa moyo.

Sasa fikiria kitu kama hicho kwa ziaka la mtoto anayekimbizana na mbuzi. Haiwezekani. Kwa hiyo silaha ilitolewa vipande vipande: fimbo na kamba kwanza, ncha ya chuma baadaye, sumu mwisho kabisa, mkononi mwa mtu ambaye wakubwa wamemtazama kwa miaka. Hata mshale wa mtu mzima ulichongwa alama, ili mnyama akianguka ijulikane ni wa nani. Huwezi kupiga kiholela kisha ujifanye hukuwepo.

Nisiwapambe sana, lakini. Upinde huohuo ulilisha biashara ya pembe za ndovu. Misafara ya Wakamba ilizipeleka Mombasa, na Kivoi wa Kitui, aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, alitajirika kwa biashara hiyo. Ndovu waliokufa hawakuwa kitoweo cha watoto.

Halafu reli ikaja. Mwezi Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwa urais wa Marekani, alipanda treni Mombasa na kuipita nyika yetu akikaa kwa kiti kilichofungwa mbele ya injini. Alikuja na mwanawe Kermit, wa miaka 19. Baba alibeba Springfield, Winchester ya .405 na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland. Mtoto alikuwa na Winchester zake na Rigby ya mitutu miwili. Kwa hesabu ya Roosevelt mwenyewe, baba aliua wanyama 296 na mtoto 216. Leseni ya mwindaji mgeni ilikuwa rupia 750, yaani pauni 50. Mkamba wa nyika hiyohiyo angezitoa wapi? Bila karatasi hiyo, kijana aliyefundishwa kuanzia mjusi hadi pofu akawa jangili, na Kermit, aliyeshuka meli juzi, akawa mwanaspoti.

Ukweli mwingine ni kwamba serikali haikuogopa kumpa Mkamba silaha. Iliogopa silaha anayojichagulia. Katika vita vyote viwili vya dunia Wakamba waliandikishwa kwa wingi KAR, ile wazee waliita Keya, na wakoloni wakawasifu kuwa askari wa kuzaliwa. Kwa hiyo bunduki ya kwanza ya vijana wengi wa Ukambani ilikuwa .303 ya Mfalme. Hakuna aliyepima urefu wa kitako, na hawakupewa kwa ajili ya paa. Wengine waliibeba hadi Burma.

Waliorudi walikuta Tsavo imefanywa mbuga ya taifa mwaka 1948, zaidi ya kilomita mraba 20,000. Katikati ya miaka ya 1950 maaskari wa mbuga chini ya akina David Sheldrick na Bill Woodley waliendesha msako mkali dhidi ya wawindaji wa Kiwata na Kikamba. Sitasema msako ule haukuwa na sababu, kwa sababu wanunuzi wa pembe walikuwepo na ndovu walikuwa wanaisha. Ila mikononi mwa sheria hapakuwa na tofauti kati ya mshale wa pembe na mshale wa digidigi. Mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wa wanyama, wa mzungu na wa mweusi. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inataja waziwazi kwamba hata kuwinda kitoweo ni kosa.

Kwa hiyo leo baba wa Kambu hana swali la kujibu. Watoto wana manati, za ndege. Ndovu bado wanavuka usiku na kumaliza mahindi, na kinachotolewa nyumbani kuwafukuza ni tochi, mabati ya kugonga na kelele. Bunduki ziko, lakini ni za KWS. Tangazo la kazi ya ulinzi wa wanyamapori likitoka, vijana wanajitokeza kwa mamia kukimbia na kupimwa kimo, na wachache wanaobahatika wanapelekwa Manyani, huko chini kwa barabara hiyohiyo ya Mombasa. Huko ndiko mtu wa kwetu anakabidhiwa silaha yake ya kwanza ya porini siku hizi, akiwa mtu mzima mwenye cheti, na somo la upepo analianza hapo.