Usiku wa Aliyeungua: Historia ya Hesabu Moja ya Lishe, Ikisomwa kutoka Kashikishi

Mwaka 1974, P. William Curreri na wenzake walitoa kanuni iliyotumika kwa miaka mingi katika wodi za majeraha ya moto: kilokalori 25 kwa kila kilo ya uzito, na 40 kwa kila asilimia ya ngozi iliyoungua. Mtu mzima wa kilo 60 aliyeungua asilimia 40 alihesabiwa kilokalori 3,100 kwa siku. Baadaye ilidhihirika kuwa kanuni hiyo mara nyingi huzidisha. Swali la usiku haikuligusa kabisa.

Mwenye afya hutumia nishati pungufu alalapo. Mwaka 1997, Michele Gottschlich na wenzake wa Cincinnati, Marekani, walichapisha matokeo tofauti: kwa wagonjwa mahututi walioungua, usingizi haukupunguza matumizi ya nishati. Nao usingizi wenyewe, kama walivyokwisha kuonyesha mwaka 1994, ulikuwa wa kukatikakatika.

Kando ya Ziwa Mweru jambo hili lina uzito wake. Chakula kikuu ni muhogo, wenye nishati ya kutosha na protini haba. Protini huja na chisense, samaki wadogo wavuliwao usiku kwa taa. Pasipo mrija wa kulishia, mgonjwa hulishwa na ndugu, naye ndugu hulala. Kumwamsha mgonjwa ili ale ni kumpokonya usingizi kidogo alionao. Lakini usiku yapo majira ambayo huamshwa kwa vyovyote, kwa dawa au kugeuzwa. Kwa anayeweza kumeza, uji wa muhogo uliotiwa chisense iliyosagwa uwe tayari saa hiyo, na uandikwe katika mgawo wa wodi.