Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Sufi: Historia ya Mashua za Kubebwa

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Autazamaye mzigo ukiwa begani mwa mtu mwingine huudhania kuwa mwepesi kama sufi. Uzito wake wa kweli hulijua bega lililoubeba. Katika insha hii tunataka methali hiyo iwe taa ya kumulikia sehemu moja ya historia yetu ambayo vitabu vingi huipita kwa haraka. Nayo ni historia ya vyombo vidogo vilivyotayarishwa kwa ajili ya mito na maziwa ya bara, vikabebwa na watu kabla havijawabeba watu.

Tunapotaja utamaduni wa vyombo vya majini, fikra zetu aghalabu hukimbilia pwani, kwenye jahazi, mashua na ngalawa. Bara huachiwa jembe na mkuki. Lakini na tulitazame eneo moja la bara ambalo msomaji asingelitegemea, yaani Msowero katika wilaya ya Kilosa. Msowero iko kando ya barabara itokayo Dumila kwenda mjini Kilosa. Mto wenye jina hilo hilo hushuka kutoka milima iliyo upande wa magharibi, hupita katikati ya mashamba, kisha maji yake huungana na maji ya mto Wami kwenda Bahari ya Hindi. Kusini yake uko mto Mkondoa, na mashariki yake imetandaa tambarare ya Mkata. Wakati wa kiangazi mtu huweza kuvuka vijito vingi vya huko bila kulowesha magoti. Wakati wa masika nchi hiyo hiyo hugeuka ikawa ziwa. Katika maji hayo wamo perege na kambale, nao wenyeji wamewavua tangu zamani kwa ndoana, nyavu na migono ya kusuka.

Msowero haina bandari. Hata hivyo, katika karne ya 19 njia za misafara kutoka pwani kwenda maziwa makuu zilipita katika nchi hii ya Mkata, Mkondoa na Wami, na mashua kadhaa mashuhuri zilivuka hapa zikiwa juu ya mabega ya wapagazi. Kwa hiyo mtu atakaye kujua namna chombo kidogo kinavyotayarishwa kwa maji ya bara anaweza kuanza hapa.

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walisafiri kutoka pwani wakitafuta maziwa ya ndani. Walikuwa na mashua ya chuma iitwayo Louisa, iliyotengenezwa kwa vipande ili ibebeke. Wapagazi wa kuibeba hawakupatikana wa kutosha, nayo ikaachwa pwani. Mwezi Agosti mwaka huo wasafiri hao walipita bonde la Mkondoa bila mashua, na mwezi Februari 1858 wakafika Ujiji. Ziwa Tanganyika likawa mbele yao, nao hawakuwa na chombo cha kuwavusha. Kilichowafaa ni mitumbwi ya wenyeji, pamoja na wapiga makafi wa wenyeji. Kwa mitumbwi miwili iliyosimamiwa na Kannena, mkuu mmojawapo wa Ujiji, walifika Uvira, wakaambiwa kwamba mto Ruzizi huingia ziwani wala hautoki. Hilo ndilo funzo la kwanza. Mashua ya chuma ya ng'ambo ilishindwa kabla ya kuanza safari, na mtumbwi uliochongwa kwa tezo ukatimiza kazi.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, aliyekuwa mwandishi wa gazeti la Marekani, alijaribu njia nyingine. Alinunua mashua mbili Unguja, akazibandua mbao, akaziacha mbavu zake, kisha akazivika ngozi mpya ya turubai la mikunjo miwili lililopakwa lami. Nia yake ilikuwa kupunguza uzito. Mzigo wa mpagazi katika zama hizo ulikadiriwa kuwa ratili zipatazo 70, yaani frasila mbili, na chombo chochote ambacho hakikuweza kugawanywa katika kipimo hicho hakikuweza kufika mbali. Masika ya mwaka huo msafara wake ulihangaika siku nyingi katika matope na mafuriko ya Mkata. Alipofika Ujiji na kumkuta David Livingstone, wawili hao waliizunguka sehemu ya kaskazini ya ziwa mwezi Novemba na Desemba. Na chombo walichosafiria kilikuwa mtumbwi wa kuazima, mali ya Said bin Majid. Hapo tena, mtumbwi!

Stanley alirudi mwaka 1874 na mashua iliyotengenezwa kwa makusudi na James Messenger huko Teddington, kando ya mto Thames. Ilikuwa ya mbao za mwerezi, urefu wake futi 40 na upana wake futi 6, nayo iligawanyika katika vipande vitano. Aliiita Lady Alice, kwa jina la msichana wa Kimarekani ambaye hakuiona nchi hii kamwe. Vipande hivyo vilipopimwa Unguja vilionekana kuwa vizito mno kupita ahadi ya fundi, ikabidi seremala avipunguze na kuvigawanya upya. Msafara wa watu 356 uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874. Safari hii ulipita upande wa kaskazini zaidi, ukavuka mto Wami na mto Mkundi, ukaelekea Mpwapwa. Njia ilikuwa nyembamba, ya mtu mmoja nyuma ya mwingine. Vipande vya mashua vilikuwa vipana. Ilikuwa lazima watu wenye mashoka watangulie kukata vichaka ili wabebaji wapite.

Tarehe 8 Machi 1875 mashua hiyo ilianza safari ya kulizunguka Ziwa Viktoria ikitokea Kagehi. Nahodha wake alikuwa Uledi, mmoja wa watu waliojiandikisha Unguja. Mwishoni mwa Aprili, katika kisiwa cha Bumbire, makasia yao yalinyang'anywa. Mabaharia wakang'oa mbao za sakafu ya mashua, wakazifanya makafi, wakaokoka. Hatuna budi kusema pia kwamba miezi michache baadaye Stanley alirudi Bumbire na bunduki nyingi, akawaua watu wengi waliokuwa ufukoni. Mwaka 1876 mashua ilizunguka Ziwa Tanganyika kwa siku 51. Kisha ikabebwa tena hadi mto Kongo, na katika misitu minene kabla ya kuufikia tena mto huo wachukuzi wake walitaabika kuliko wote. Katika maporomoko ya Kongo ni Uledi aliyejitosa mara kwa mara kuwaokoa wenzake wasife maji. Mwishoni mwa Julai 1877 Lady Alice iliachwa juu ya jabali karibu na maporomoko ya Isangila. Tarehe 9 Agosti walifika Boma watu 115 tu. Wengine walikuwa wamekufa, na wengine walikuwa wametoroka njiani.

Vitabu vingi husema kwamba Stanley alivuka Afrika na mashua yake. Sisi tunauliza: nani aliyeivusha mashua? Jina la msichana aliyekuwa ng'ambo liliandikwa, na majina ya waliotoka malengelenge mabegani hayatajwi sana, isipokuwa machache kama la Uledi. Hapo ndipo kanda la sufi linapoonyesha uzito wake.

Historia hiyo haikuishia Isangila. Kuanzia mwaka 1879 Stanley alimtumikia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji katika bonde la Kongo, na mwaka 1885 mfalme huyo akaifanya nchi hiyo kuwa mali yake. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alisajili gurudumu la mpira lenye upepo ndani yake, na dunia ikashikwa na kiu ya mpira. Watu wa Kongo walilazimishwa kwenda msituni kugema mpira, na waliopungukiwa na kipimo waliteswa, wakakatwa mikono, wakauawa. Kwa hiyo mpira tunaoukanyagia barabara una damu katika historia yake, na njia ya damu hiyo ilifunguliwa na ile mashua ya kubebwa.

Na mpira huo ndio uliozaa mashua nyepesi kuliko zote, yaani mashua ya kujazwa upepo. Wazo lenyewe ni la kale. Michoro ya mawe ya wafalme wa Ashuru, ya karne ya 9 kabla ya Kristo, huonyesha askari wakivuka mto juu ya ngozi za wanyama zilizojazwa pumzi. Katika miaka ya 1840 Peter Halkett, Mwingereza mwanamaji, alibuni mashua ya kitambaa chenye mpira iliyoweza kuvaliwa kama joho. Mwaka 1952 daktari Mfaransa Alain Bombard alivuka Bahari ya Atlantiki katika mashua ya aina hiyo. Ndugu msomaji, basi, asiidharau kwa kuwa imejaa upepo mtupu.

Hata hivyo, chombo cha upepo kina masharti yake. Kwanza, kiwe na vyumba vya hewa visivyopungua viwili, ili kimoja kikipasuka kingine kishikilie. Pili, kitandikwe sakafu ya mbao zilizolainishwa kingo, ili kisijikunje chini ya miguu ya mvuvi. Tatu, kisijazwe hadi kukakamaa chini ya jua kali, kwa maana hewa ikipata joto hutanuka. Nne, nanga yake isiwe ya makucha. Jiwe ndani ya mfuko wa kamba latosha. Ndoana zichomekwe katika kipande cha gome au boya, na kambale mwenye miiba atiwe katika kapu, asiachwe kupapatika sakafuni. Yawemo makafi mawili na la akiba, upo wa kukumbia maji, kamba ndefu, pampu, viraka na solusheni. Fundi wake hatoki mbali: fundi baiskeli wa kijijini anazijua kazi zote za kuziba na kujaza. Mwisho, avaliwe na kila mtu koti la kuokolea, wala asidhani mtu kwamba mpira utamzuia mamba au kiboko.

Msomaji atatambua kwamba masharti haya si mageni. Kafi la akiba ni funzo la Bumbire. Uzito wa kubebeka ni funzo la frasila mbili. Upo, kafi na pondo ni vifaa vya mtumbwi. Chombo kimebadilika ngozi, lakini elimu yake ni ile ile ya wenyeji.

Elimu hiyo si ya michezo. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika, maelfu ya watu wa Kilosa wakakosa makazi, na reli ya kati ikakatika. Januari 2014 maji yaliikumba Dumila, jirani ya Msowero, yakalivunja daraja la mto Mkundi na kuifunga barabara kuu ya Morogoro na Dodoma. Katika saa kama hizo nchi ya wakulima hutambua ghafla kwamba ni nchi ya maji. Kazi ya serikali imetupitisha katika njia ile zaidi ya mara moja, nasi tumewaona vijana wakivuka mto uliojaa kwa kushikilia tyubu ya lori, bila kamba wala kafi. Ujasiri wao tuliusifu. Ukosefu wao wa maarifa ulitutia hofu. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wetu jambo moja. Wawatume wanafunzi kwa wazee wanaokaa kando ya Msowero, Mkondoa na Wami, wakaulize: mti gani ulichongwa mtumbwi, mgono ulisukwaje, kivuko kilikuwa wapi, na nani alijulikana kwa kuvusha watu wakati wa masika. Majina hayo yaandikwe pamoja na majina ya wenyewe, yasije yakasahauliwa kama yalivyosahauliwa majina ya wabebaji wa Lady Alice.

Nayo sufi ya ile methali ina neno la mwisho. Kwa miaka mingi makoti ya kuokolea mabaharia yalijazwa sufi, kwa kuwa sufi huelea na kumshikilia mtu asizame. Mzigo tuliodhani mwepesi ndio uliowaokoa watu majini.