Siri ya umeme iko kwenye unga

Leo tuache siasa kidogo, niwape historia ya kifaa ambacho mji huu wa Pittsburgh una mkono wake ndani: seli ya fueli ya oksaidi yabisi. Ni kauri inayotoa umeme kutoka kwenye gesi bila kuiwasha moto.

Wengi humtaja Mjerumani Walther Nernst, aliyeona miaka ya 1890 kwamba zirkonia ikichanganywa na oksaidi nyingine hupitisha umeme ikipata moto sana. Mwaka 1937 kule Uswisi, Emil Baur na Hans Preis wakaunda seli ya namna hiyo, kwenye nyuzi joto 1000 hivi. Umeme ulitoka, lakini kiduchu. Mwaka 1962 Weissbart na Ruka wa Westinghouse, hapa hapa Pittsburgh, wakatumia elektrodi za platini. Ilifanya kazi, ila nani atawasha taa ya nyumbani kwa platini?

Basi wazo lilikuwepo, kauri ilikuwepo. Kilichokosekana ni elektrodi nzuri na ya bei nafuu. Kazi hufanyika pale tu gesi, metali na kauri vinapokutana. Sehemu hizo zikiwa chache, umeme nao ni haba. Nikeli ni rahisi, lakini ikiwa peke yake kwenye joto lile chembe zake hushikamana, vitundu huziba. Tena hutanuka kuliko kauri, ikabanduka.

Jibu alilitoa Henry Spacil wa General Electric, aliyeomba hataza 1964 akaipata 1970: changanya nikeli na zirkonia ileile. Kwa kawaida unga wa oksaidi ya nikeli na wa zirkonia huchanganywa, hupakwa, huokwa kama chungu. Kisha hidrojeni huondoa oksijeni kwenye nikeli na kuongeza vitundu. Ukubwa wa chembe, joto la tanuri, unene wa tabaka: hapo ndipo seli mbili za malighafi moja hupishana nguvu.

Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Nernst anajulikana, ana Nobel ya 1920. Spacil je?

Naliandika hili kwa sababu vijana wetu wengi wanaokuja huku wanataka kuitwa wavumbuzi, kuchanganya unga wanaona ni kazi ya chini. Gesi ya Songo Songo inazalisha umeme tangu 2004. Siku tukitaka kuitumia kwa kauri hizi, tutahitaji mafundi wa tanuri. Tunao wangapi?

Tuonane tena panapo majaliwa.