Mbwa wa Bashenzi: Jina, Ugonjwa, na Kuanza Upya



Mwaka jana nilizika mbwa wangu. Aliitwa Bobi, alikuwa na miaka minne, na nilimzika nyuma ya nyumba yetu hapa Bunia, chini ya mti wa avoka. Ilianza na macho na pua kutoa uchafu. Halafu akakataa kula, akakohoa, akaharisha. Wiki ya pili miguu yake ya nyuma ilikuwa inatetemeka yenyewe hata akiwa amelala. Siku ya mwisho aliniangalia tu, hakuweza tena kuinuka.

Mimi nina lisansi ya agronomia. Magonjwa ya mifugo nilisoma. Kuku za mama ni mimi ninazichanja kwa ajili ya ugonjwa wa Newcastle, na sijawahi kusahau. Lakini Bobi sikumchanja hata siku moja. Kila mara nilijiambia: huyu ni mbwa wa hapa kwetu, amezoea, mbwa za hapa haziguswi na kitu.

Jirani alikuja kunipa pole. Akasema: «Pole, bana. Lakini mbwa ni mbwa. Moja ikikufa, unatafuta ingine. Mara hii tafuta ya kizungu, kwa sababu hii yako ilikuwa tu ya kishenzi.»

Hakusema kwa ubaya. Lakini lile neno lilibakia kichwani mwangu, nikaanza kulifuata nyuma, mwaka kwa mwaka. Nilichokuta ndicho ninataka kuwaandikia leo, kwa sababu kinatuhusu sisi kuliko mbwa.

Neno «mshenzi» lilikuja kwetu kutoka pwani. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilitoka Zanzibar, ikapita Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikafika Kasongo na Nyangwe, mpaka Stanley Falls, njo Kisangani ya leo. Ndani ya misafara ile mtu wa heshima aliitwa mwungwana. Mtu wa bara, asiye na kanzu na asiye na dini yao, aliitwa mshenzi. Kwetu Kongo «wa» inakuwa «ba», basi washenzi wakawa bashenzi, na kwa Lingala basenji. Wakoloni walipokuja hawakulitupa lile neno, walilichukua. Mtu wa kijijini akawa musenji. Upande mwingine kulikuwa wale walioitwa «évolués», waliosoma kidogo na kuvaa suruali vizuri. Mwaka 1948 utawala wa Wabelgiji ulianzisha kwa ajili yao carte du mérite civique, na mwaka 1952 ukaongeza immatriculation. Ilibidi mtu achunguzwe nyumbani kwake ili ionekane kama ameacha ushenzi.

Sasa, mbwa naye aliingia namna gani mu hii habari?

Mtaalamu wa mimea, Mjerumani Georg Schweinfurth, alipofika nchi ya Azande karibu na mwaka 1870, aliandika juu ya mbwa wadogo aliowaona kule: nywele fupi, masikio yaliyosimama, mkia uliojikunja kama wa nguruwe mdogo. Shingoni walikuwa wanavaa kengele ndogo za mbao ili wasipotee ndani ya majani marefu. Sisi wa Ituri na wa Uele tunamjua mbwa huyu. Habweki kama wengine. Anaweza kulia, kunguruma, hata kutoa sauti kama mtu anayeimba, lakini ile «wou wou» ya kila usiku hana. Mwindaji anayetega wavu msituni anahitaji kujua mbwa iko wapi, njo maana ya kengele. Na jike wake kwa kawaida anashika joto mara moja kwa mwaka, wakati mbwa wengi wanashika mara mbili.

Wazungu walipomtaka, walimpa jina gani? Basenji. Mbwa wa bashenzi. Mpaka leo, ukimkuta London au Chicago, na kwenye vitabu vya ukoo wa mbwa, jina lake rasmi ni hilo tusi letu.

Lakini kumtoa huku na kumfikisha kule akiwa hai haikuwa kazi rahisi. Mwaka 1895 mbwa wawili wa aina hii walionyeshwa Uingereza, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts. Watu walishangaa. Baada ya muda mfupi wote wawili walikufa. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alileta sita kutoka Sudani, na hao pia walikufa. Mwaka 1937 mwanamke mmoja wa New York, Bi Rogers, aliingiza Marekani dume na jike pamoja na watoto wao. Jike akafa na watoto wakafa, akabaki dume peke yake, jina lake Bois.

Walikufa na nini? Wandugu, niliposoma hapa niliweka simu chini kwanza. Ugonjwa uliowamaliza wale wa 1895 na familia ya Bois ni ule ule ulioua Bobi: ugonjwa wa Carré. Unaitwa hivyo kwa sababu Mfaransa Henri Carré alionyesha mwaka 1905 kwamba unaletwa na kitu kidogo sana kinachopita hata kwenye chujio la bakteria, yaani virusi. Wale sita wa Lady Nutting nao inaelezwa kwamba kilichowaua ni chanjo ya Carré ya wakati ule, ambayo bado ilikuwa inajaribiwa. Ni katika miaka ile ile ya 1920 ambapo Patrick Laidlaw na George Dunkin, Uingereza, walifanya utafiti uliofungua njia ya chanjo ya kuaminika.

Kwa hiyo ile sentensi yangu ya kila siku, «mbwa za hapa haziguswi,» ilikuwa na jibu tangu zamani. Mbwa wa hapa walikuwa wanakufa na Carré. Kinga haiji kwa sababu mbwa ni wa kienyeji. Mbwa anapata kinga ya kudumu kwa njia mbili: aliambukizwa akapona, au alichanjwa. Na wanaougua bila kupona ni wengi. Hata simba hawakuogopwa: mwaka 1994, kule Serengeti, Tanzania, virusi hivi viliua karibu simba mmoja kwa kila watatu, na wachunguzi waliona kwamba vilianzia kwa mbwa wa vijiji vya kandokando.

Turudi kwenye habari yetu. Uingereza, Bi Olivia Burn naye alipoteza mbwa kwanza. Hakuacha. Mwaka 1936 alichukua wengine kutoka Kongo, na mwaka 1937 wakaonyeshwa Crufts wakiwa wazima. Bi Veronica Tudor-Williams naye aliendelea kuwafuga hata wakati wa vita kuu ya pili, na mwaka 1959 alisafiri mpaka kusini mwa Sudani, karibu na mpaka wetu, kutafuta damu mpya. Alirudi na jike anayeitwa Fula. Marekani, mwaka 1941, Alexander Phemister alipata jike mchanga aliyesafiri ndani ya meli ya mizigo iliyotoka Afrika. Wakamwita Congo. Akamwoanisha na yule Bois aliyebaki peke yake, na watoto wao walikua. Mwaka 1943 klabu kuu ya mbwa ya Marekani ikaandikisha basenji kama jamii kamili.

Lakini kuna jambo lingine, na hilo lilinishangaza zaidi.

Kule Bar Harbor, jimbo la Maine, wachunguzi wawili, John Paul Scott na John Fuller, walifanya kazi ya miaka mingi juu ya tabia ya mbwa. Kitabu chao kilitoka mwaka 1965. Walichagua jamii tano, na moja ilikuwa basenji. Waliona kwamba kuna dirisha katika maisha ya mtoto wa mbwa, karibu wiki ya 3 hadi ya 12. Ndani ya wakati huo anajifunza ni nani wa kwao. Akishikwa, akichezewa, akisikia sauti za watu, atawaamini watu maisha yake yote. Akinyimwa, hata chakula kizuri hakitarudisha wakati ule. Na watoto wa basenji ndio walioonyesha jambo hili kwa nguvu: wakiwa na wiki tano walikimbia na hata kuuma mtu, lakini walipoendelea kushikwa kila siku, wakapoa haraka.

Leo mtu yeyote duniani anayefundisha mtoto wa mbwa anafuata, hata bila kujua, kitu kilichochunguzwa kwa sehemu juu ya mbwa aliyetoka kwetu.

Nilienda kumwuliza koko wangu, upande wa Mambasa. Alikuwa anawinda na mbwa zamani. Sikumwambia habari ya Scott na Fuller. Nilimwuliza tu: «Koko, mutoto ya mbwa mulikuwa munaifundisha namna gani?»

Akacheka. «Mujukuu yangu, kwanza inalala karibu na moto, fasi batoto biko. Inakula mu mukono ya mutu, haikule chini peke yake. Ikitembea muzuri, unaipeleka pori na mama yake, inaangalia. Kengele inakuja nyuma. Na fimbo hapana. Mbwa ya kupigwa inakimbiaka na nyama yako.»

Nikauliza ni kuanzia miezi mingapi. Akasema: «Mbele haijajua kuogopa.»

Wandugu, hiyo ni sura nzima ya kitabu cha 1965, katika sentensi moja ya mtu ambaye mu karatasi za serikali ya wakati ule angeandikwa musenji.

Nilitoka kwa koko na mtoto wa mbwa ndani ya kikapu. Jike, rangi ya kahawia, kifua cheupe, wiki nane. Sitasema ni basenji safi, kwa sababu sina karatasi na sitaki kudanganya. Nimemwita Safi kwa sababu ya kile kifua. Kabla hajakanyaga barabara ya mtaa wetu nilimpeleka kwa veterineri. Chanjo ya Carré na ya parvo inaanza kati ya wiki 6 na 8, inarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Inarudiwa kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama yake inaweza kuzuia ile ya kwanza isishike. Ya kichaa cha mbwa inakuja kwenye wiki 12. Hii ya kichaa, tafadhali, si habari ya mbwa peke yake. Inaua watu, na kati yao kuna watoto wengi.

Mambo hayakwenda vizuri mara moja. Mwezi wa kwanza nilimwita Bobi mara nyingi, hata mama akaniambia: «Mwache mwenzake alale.» Kila kitu nilikuwa napima na Bobi. Bobi alikuwa anakaa ukimwambia kaa. Bobi hakukula viatu. Nilisahau kwamba Bobi ninayemkumbuka alikuwa wa miaka minne, na mbele yangu iko mtoto wa wiki kumi. Siku Safi alipotafuna kiatu changu cha kazi, nilimpiga. Alijificha chini ya kitanda, na kwa siku mbili hakuja kwa mkono wangu. Nikakumbuka koko na nyama yake. Nikaketi chini, nikaweka ugali na dagaa kwenye kiganja, nikangoja bila kumwita. Siku ya tatu alikuja. Tangu pale tunafanya hivi: dakika chache asubuhi, dakika chache jioni, akifanya vizuri anapata kitu mkononi, akikosea ninanyamaza na kuanza tena. Watoto wa jirani wanamshika kila siku, ninawaomba wao wenyewe waje. Pikipiki, mvua juu ya mabati, watu wa sokoni, vyote anavijua sasa.

Kuna jambo moja la mwisho la historia. Basenji wa Ulaya na Marekani walitoka kwa mbwa wachache sana, na damu chache inaleta magonjwa ya urithi. Kwao ulizidi ugonjwa wa figo unaoitwa Fanconi, ambapo figo zinamwaga sukari na chumvi za mwili kwenye mkojo. Wakatafuta dawa wapi? Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walirudi Zaire, kaskazini-mashariki, huku huku kwetu, kutafuta mbwa wa vijijini. Mwaka 1990 klabu yao ilikubali mbwa 14 wapya kuingia kwenye kitabu cha ukoo. Hakikisho la damu nzuri lilikuwa kwa wanakijiji ambao miaka yote waliendelea kulea mbwa zao kando ya moto, bila karatasi na bila kuitwa wafugaji.

Jirani alipomwona Safi aliuliza: «Tena ya kishenzi?» Nikamjibu: «Ndiyo. Na nimeichanja.» Juzi alikuja kuuliza bei ya chanjo, kwa ajili ya mbwa yake.

Basi wandugu, kazi ninayowaachia ni mbili. Kama uko na mbwa, hata wa mtaani, uliza wiki hii chanjo inapatikana wapi mu mji wako, usingoje kuchimba shimo chini ya avoka kama mimi. Na kama bado uko na koko aliyewinda, nenda umwulize namna walivyolea mbwa, halafu uandike. Kengele ile ya mbao, wangapi kati yetu tunajua inachongwa na mti gani? Mimi bado sijauliza. Ninarudi Mambasa mwezi ujao.