Mkanda wa Unguja, Deki ya Marekani

Historia ya jamaa zetu waliotoka Unguja na Pemba huandikwa aghalabu kwa tarehe za siasa: Mapinduzi ya Januari 1964, kisha mwaka 1970, Sultan Qaboos aliposhika hatamu za Oman na kuwaita Waomani waliokuwa nje warejee. Ipo historia nyingine iliyokwenda sambamba na hiyo, nayo ni ya vyombo tulivyotumia kuonana baada ya kutawanyika. Barua zilifuatwa na kaseti za sauti, kaseti zikafuatwa na mikanda ya video, na mikanda ikafuatwa na diski. Kila chombo kilikuja na mipaka yake, na mipaka hiyo haikujali undugu.

Asili ya mipaka hiyo ni umeme. Marekani ilijenga umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde, ilhali Ulaya na nchi nyingi ilizozitawala zilitumia 50, na televisheni za mwanzo zilifungamana na mizunguko hiyo. Ndiyo maana mfumo wa NTSC, ulioidhinishwa kwa rangi huko Marekani mwaka 1953, una picha zipatazo 30 kwa sekunde na mistari 525. Mfumo wa PAL, uliobuniwa na Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken ya Ujerumani, una picha 25 kwa sekunde na mistari 625. Uingereza na Ujerumani Magharibi zilianza kuutumia mwaka 1967, mwaka ambao Ufaransa nayo ilianza kurusha rangi kwa mfumo wake wa SECAM.

Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara, wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990. Televisheni ya Oman ilianza Novemba 1974. Zote mbili zilifuata PAL. Kwa hiyo mkanda uliorekodiwa Unguja ulionekana Maskat na London bila taabu yoyote. Katika Ghuba mambo yalikuwa mepesi zaidi: kwa kuwa Saudi Arabia ilitumia SECAM na wageni walifika na mikanda ya kila aina, maduka ya huko yaliuza televisheni na deki za mifumo yote mitatu. Aliyeishi Marekani au Kanada ndiye aliyebaki nje ya mlango.

Katika ukoo wetu, harusi moja ya Malindi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, ilitolewa nakala tatu. Maskat waliitazama hata wakaikariri. London vivyo hivyo. Nakala ya tatu ilifika Marekani, na kwenye deki ya huko picha ziliruka bila rangi, na sauti zikaenda mbio hata nyimbo za wanawake zisieleweke. Lilikuwapo duka la kubadilisha mikanda, lakini mkanda ule ulikuwa wa upande wa wanawake: mama zetu na dada zetu wamo bila buibui, wamejipamba, wanacheza. Hakuna aliyekubali kuukabidhi kwa mtu baki. Mkanda ukakaa kabatini miaka mingi, na bibi aliyekuwa akiulizia sura ya dada yake alifariki dunia kabla haujaonwa.

Hapo ndipo thamani ya deki ya mifumo yote ilipo kwa watu wa asili yetu. Kwetu sisi ni chombo cha sitara: kinatuwezesha kutazama na kunakili vya nyumbani humo humo nyumbani.

DVD ilipotokea Japani mwaka 1996, na Marekani mwaka uliofuata, wengi walidhani tatizo limekwisha. Badala yake likaongezeka kufuli la pili. Kampuni za filamu ziliigawa dunia kwa namba: Marekani na Kanada 1, Uingereza na Oman 2, Tanzania na Kenya 5. Familia moja ikawa na namba tatu. Lakini kufuli hilo ni la filamu za kununua. Diski iliyorekodiwa nyumbani kwa kawaida haina namba. Kinachoizuia ni PAL na NTSC vilevile, kwani mgawanyo huo ulihamia kwenye diski pia.

Kwa hiyo anayetafuta deki asiridhike na maneno kwamba inasoma maeneo yote. Aulize mambo matatu: je, inageuza PAL kuwa NTSC ndani yake? Je, inapokea umeme wa volti 110 hadi 240? Je, inasoma diski zilizorekodiwa nyumbani? Deki nyingi za Ulaya na Ghuba husoma NTSC, ila nyingi zilizouzwa Marekani hazisomi PAL. Kompyuta yenye programu ya VLC husoma mifumo yote miwili. Diski ikikataa kila mahali, huenda haikufungwa rasmi baada ya kurekodiwa. Itafutwe mashine iliyoirekodi, au ya aina yake, ili ikamilishwe.

Muda si mwingi. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo mwaka 2016. Diski za kurekodi nazo huchakaa hata zikihifadhiwa vizuri. Kila nyumba na iulizane nani ana nini, Maskat, London, Toronto na Unguja. Na wakati wa kunakili, aketi pale mzee anayewajua waliomo, aandike majina yao. Picha inaweza kuokolewa na mashine. Jina la bibi aliyeketi pembeni mwa jamvi hulijua mtu tu.