LUGA YA MUFALME, LUGA YA BUKU, LUGA YA KAZI

Mara nyingi tunasikia watu wakisema kwamba Kiswahili cha Musonoi si luga, ni machafuko tu. Waliosoma wanasema hivyo, na hata wenyeji wa Kolwezi wanaona haya mbele ya mugeni anayetoka Zanzibar ao Dar es Salaam. Tumeona vema kuuliza historia: luga inapata heshima yake kwa njia gani? Kusudi tujibu, tutwae kwanza luga mbili za mbali, Kiamhara cha Etiopia na Kinorwe cha Ulaya ya kaskazini, halafu turudi kwetu.

Luga hizo mbili hazina ujamaa. Kiamhara ni cha ukoo wa Kisemiti, pamoja na Kiarabu na Kiebrania. Kinorwe ni cha ukoo wa Kigermani, pamoja na Kiingereza. Walakini mutu wa Musonoi akisema damu na buku, amegusa koo zote mbili. Damu imetoka kwa Waarabu, na Mwamhara anasema dem. Buku imetoka kwa Waingereza, na Munorwe anasema bok. Maneno yanasafiri pamoja na biashara na kazi, kwa hiyo hayatoshi kuonyesha ukoo wa luga. Ukoo unaonekana katika mifupa yake. Tukisema watu ao batu, mutoto ao katoto, mifupa ni ya Kibantu.

Kiamhara kiliinuliwa na ufalme. Tangu mwaka 1270 ukoo wa wafalme waliojiita wana wa Solomoni ulitawala, na nyumbani mwao Kiamhara kilisemwa. Kwa hiyo kiliitwa lesana negus, maana yake ulimi wa mufalme. Lakini kwa kusali na kuandika walishika Kigeez, luga ya zamani ambayo watu wa kawaida hawakuisema tena. Katika karne ya 16 na ya 17 Wayezuiti walifika, wakafundisha kwa Kiamhara kusudi watu wasikie. Wapadri wa kanisa la inchi waliona hatari, nao wakaandika mafundisho yao kwa Kiamhara ili wawajibu. Mufalme Susenyos alipokea dini ya katolika waziwazi mwaka 1622. Fitina na vita vikafuata, naye akaacha kiti mwaka 1632. Wayezuiti walifukuzwa, lakini luga ya watu ilikuwa imekwisha kuonja kalamu. Wakati wa Tewodros II (1855-1868) habari za ufalme ziliandikwa kwa Kiamhara, na sheria kuu ya mwaka 1955 ilikiita luga ya serikali.

Kinorwe kilipita njia nyingine. Mpaka mwaka 1814 Norwe ilikuwa chini ya wafalme wa Denmark. Sheria, mahubiri na vitabu vilikuwa kwa Kidenmark; masemi ya vijiji yalizarauliwa. Ndipo watu wawili wakatoa mashauri mawili. Ivar Aasen, mwana wa mulimaji, alitembea vijijini tangu 1842 mpaka 1846 akisikiliza na kuandika. Alitoa sarufi mwaka 1848 na kamusi mwaka 1850, akijenga luga moja ya kuandika juu ya masemi ya wakulima. Mwalimu Knud Knudsen alipenda Kidenmark cha vitabu kigeuzwe polepole kifuate matamko ya Wanorwe waliosoma. Mwaka 1885 baraza la inchi liliamua kwamba luga zote mbili zina haki sawa. Tangu 1929 ile ya Aasen inaitwa nynorsk, Kinorwe kipya. Ile nyingine inaitwa bokmål, luga ya buku. Zote mbili zinaandikwa hata leo.

Sasa turudi Musonoi. Kiswahili kilifika Katanga katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa mashariki, wakati wa Msiri, mufalme wa Bunkeya, aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891. Lakini aliyekikaza ni kazi ya shaba. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikusanya watu wa Kasai, wa Ruanda-Urundi na wa Rhodesia ya Kaskazini. Katika miaka ya 1920 ilianza kupenda wakae miaka mingi kambini, pamoja na wake na watoto. Muluba na Mubemba wakawa majirani, mulango kwa mulango, nao walihitaji luga moja. Watoto wao walizaliwa ndani ya Kiswahili hicho. Ndiyo maana wanasema tutoto, na batu banatumika: wazazi wao walileta mifupa ile kutoka luga za kwao.

Je, luga ya namna hii inaweza kubeba mawazo makubwa? Jibu liko Kolwezi penyewe. Mwaka 1953 Padri Placide Tempels, Mufransisko, alianza kukutana na wafanyakazi wa Ruwe na wake zao, na Jamaa ikazaliwa. Juu ya maneno matatu, uzima, uzazi na mapendo, watu wa kambi walijenga mafundisho marefu. Johannes Fabian alikuja Kolwezi miaka ya 1966 na 1967 kuyachunguza. Hakuna aliyengoja sarufi ya Zanzibar mbele ya kufikiri.

Basi Kiamhara kilikuwa na mufalme, Kinorwe kilikuwa na Aasen na Knudsen, cha Musonoi kilikuwa na kazi tu. Hakuna hata kimoja kilichozaliwa na heshima. Kila kimoja kiliipata siku watu walipokiandika bila haya. Kiswahili cha vitabu tusikitupe, kwa maana kinatuunganisha na ndugu wa mashariki. Lakini Wanorwe wanatuonyesha kwamba mbili zinaweza kukaa katika inchi moja.

Tena tujihazari. Kiamhara kilipopanda kilikandamiza luga za wengine, mpaka sheria kuu ya mwaka 1995 ikakubali kwamba luga zote za Etiopia ni sawa mbele ya serikali. Kiswahili chetu nacho kinaweza kumeza Kisanga na Kilunda, luga za wenye udongo huu. Anayetaka kumufuata Aasen asikilize wamama wa Musonoi, halafu aende pia kijijini kwa wazee, na daftari mukononi.